Ombi la Frederick Douglass kwa Rais

Mtu akitolewa utumwani huwa huru. Je, huwa raia pia? Swali hili laonekana dogo, nalo ni kubwa. Uhuru ni kutokuwa mali ya mtu mwingine. Uraia ni kuwa na fungu katika nchi: kulindwa na sheria zake, kusikilizwa katika mahakama zake, na kuwachagua wale watakaoitawala. Aliye huru bila ya kuwa raia afanana na mfungwa aliyefunguliwa minyororo akaachwa nje usiku wa mvua, na kila mlango umefungwa. Tarehe 7 Februari 1866 swali hili lilipelekwa mbele ya Rais wa Marekani na watu ambao lilikuwa kwao ni uhai au mauti. Msemaji wao mkuu alikuwa Frederick Douglass, ambaye zamani alikuwa mtumwa.

Douglass alizaliwa katika jimbo la Maryland mwaka 1818. Siku ya kuzaliwa kwake hakuijua maisha yake yote, kwa maana mabwana hawakuona haja ya kumweleza mtumwa habari kama hiyo. Alipokuwa mtoto katika mji wa Baltimore, bibi aliyemtumikia alianza kumfundisha herufi. Mume wa bibi yule alipopata habari aliyakataza masomo, akasema kuwa mtumwa akijua kusoma hafai tena kuwa mtumwa. Mtoto aliyasikia maneno hayo, akafahamu ya kwamba njia ya uhuru imo katika kile alichokatazwa. Akajifunza kwa siri, wakati mwingine kwa kuwapa mkate watoto weupe wa mitaani wapate kumwonyesha maneno. Mwaka 1838 alitoroka, na baada ya miaka michache alikuwa msemaji mashuhuri, mwandishi na mwenye gazeti, naye alitumia ulimi na kalamu yake kuupinga utumwa.

Walakini hata mtu mweusi aliyekuwa huru hakuwa na nchi. Mwaka 1857 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu katika shauri la mtumwa mmoja aliyeitwa Dred Scott. Jaji Mkuu, Roger Taney, alisema kuwa watu wa asili ya Afrika, wawe watumwa au wawe huru, hawawezi kuwa raia wa Marekani. Wahenga wetu walisema, mnyonge hana haki. Walisema hivyo kwa kusikitikia mambo yalivyo. Jaji huyu aliandika hivyo kuwa ndiyo sheria.

Vita baina ya majimbo ya kaskazini na ya kusini vilianza mwaka 1861. Tarehe 1 Januari 1863 Rais Abraham Lincoln alitangaza kuwa watumwa wa majimbo yaliyoasi wamekuwa huru, na milango ya jeshi ikafunguliwa kwa watu weusi. Watu wapatao 180,000 waliingia jeshini, na miongoni mwao walikuwamo wana wawili wa Douglass. Lakini askari mweupe alilipwa dola 13 kwa mwezi, na askari mweusi alilipwa dola 10, tena zikatolewa dola 3 za mavazi. Risasi ya adui haikupunguza ukali wake kwa sababu ya rangi ya ngozi. Mshahara ndio uliopunguzwa.

Mwezi wa Agosti 1863 Douglass alikwenda Ikulu kumlalamikia Lincoln juu ya jambo hilo. Rais alimsikiliza hadi mwisho, akamweleza shida zake, akamwomba awe na subira. Douglass hakutoka na yote aliyoyataka, lakini alitoka akiwa amesikilizwa kama mtu asikilizwavyo na mtu. Mwezi wa Juni mwaka uliofuata Bunge la Marekani, liitwalo Kongresi, lilipitisha sheria ya kusawazisha mishahara.

Mwezi wa Aprili 1865 vita vilikuwa vinakwisha, na Lincoln akauawa kwa kupigwa risasi. Mahali pake palichukuliwa na makamu wake, Andrew Johnson wa Tennessee. Johnson naye alikuwa mtoto wa maskini. Alikuwa fundi cherehani, hakupata kuingia darasani, na elimu yake aliitafuta kwa jitihada zake mwenyewe. Jimbo lake lilipoasi, yeye alibaki mwaminifu kwa taifa, jambo lililotaka ushujaa. Mwaka 1864 aliwaambia watu weusi wa mji wa Nashville kuwa atakuwa Musa wao, awatoe katika utumwa awapeleke kwenye uhuru. Kwa hiyo wengi walimtumaini.

Mwezi wa Desemba 1865 utumwa ulifutwa katika Katiba, na watu wapatao milioni nne wakawa huru. Lakini mabwana wa zamani walikuwa wamekwisha kurudi katika mabaraza ya majimbo ya kusini, nao walitunga sheria za kuurudisha utumwa kwa jina jingine. Katika Mississippi kila mtu mweusi alitakiwa kuwa na hati ya kazi kila mwezi wa Januari. Asiyekuwa na kazi alishtakiwa kwa uzururaji, akatozwa faini, na akishindwa kulipa alikodishwa kwa mtu wa kumlipia. Watoto mayatima waliwekwa chini ya mabwana kwa jina la kufundishwa kazi, na bwana wao wa zamani alitangulizwa kupewa. Msomaji wa Kenya anayezijua habari za kipande, ambacho babu zetu walilazimishwa kukivaa shingoni wakati wa ukoloni, hatahitaji maelezo zaidi.

Hiyo ndiyo hali iliyowapeleka wajumbe weusi Ikulu. Kati yao walikuwamo Douglass, mwanawe Lewis aliyekuwa askari katika vita vile, na George Downing, mfanyabiashara. Bwana Downing alitangulia kusema. Kwa adabu alieleza kuwa wamekuja wakiwa wazaliwa wa Marekani, nao wataka kuwa sawa na wenzao mbele ya sheria, na kupewa kura katika nchi nzima. Douglass akafuata kwa maneno machache. Alisema Lincoln aliwatia watu weusi upanga mkononi wasaidie kuiokoa nchi. Wao watumaini kuwa aliyeshika nafasi yake atawatia kura mkononi wapate kujiokoa wenyewe. Akaongeza kuwa watu wanaotozwa kodi na kuitwa vitani, wakabeba kila mzigo wa taifa, hawakosi wakitaka kushiriki katika haki zake.

Rais alijibu kwa hotuba ndefu. Alisema yeye ni rafiki wa watu weusi. Kweli alikuwa na watumwa na aliwanunua, lakini hakupata kumwuza hata mmoja. Alisema hapendi kushtakiwa na watu hodari wa kupamba maneno. Akadai kuwa katika kusini mweupe maskini na mtu mweusi wachukiana, na kura ikitolewa vitazuka vita vya rangi kwa rangi. Kwa hiyo shauri hilo liachiwe watu wa kila jimbo waamue wenyewe. Hakusema kuwa katika majimbo hayo waliokuwa na sauti ya kuamua ni wale wale waliotunga sheria za kuwafunga wenziwao.

Douglass alipotaka kujibu, Rais alionyesha kuwa hataki mabishano. Alitaja kuwa watu weusi wangeweza kuhama waende kwingine. Douglass akamwambia kuwa mabwana ndio watungao sheria, na kwa sheria hizo mtu mweusi hawezi hata kuondoka shambani. Mazungumzo yakaishia hapo. Wajumbe walipokuwa wakitoka, Douglass aliwaambia wenzake kuwa Rais amewapeleka kwa wananchi, nao watakwenda kwa wananchi. Rais akaitikia kuwa yeye ana imani kubwa na wananchi.

Kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Siku ile ile wajumbe waliandika majibu ambayo hawakuruhusiwa kuyatoa kwa mdomo, wakayapeleka magazetini. Majibu hayo yastahili kufikiriwa na kila kijana asomaye historia. Rais alisema kuwa mweupe maskini na mtu mweusi wachukiana. Wajumbe walikubali kuwa chuki ilikuwapo, lakini waliuliza imetoka wapi. Walieleza kuwa iliota katika utumwa, na kuwa mabwana waliipalilia kwa faida yao. Waliwagombanisha maskini wa rangi mbili ili wapate kuwatawala wote wawili. Basi utumwa ukiondoka, mzizi wa chuki umekatwa. Tena waliuliza swali ambalo Rais hakuwa amelijibu: ikiwa kweli watu wawili ni maadui, ni haki gani kumpa mmoja silaha zote na kumwacha mwingine mikono mitupu? Amani, walisema, haipatikani kwa kuliinua kabila moja na kulidhili jingine. Hupatikana kwa kuwatendea watu wote haki.

Wananchi waliposoma habari hizo, wengi wa kaskazini walianza kumwona Rais kwa macho mengine. Mwezi wa Machi Kongresi ilipitisha sheria iliyosema kuwa waliozaliwa Marekani ni raia, bila kujali rangi wala utumwa wa zamani. Johnson alikataa kuitia sahihi. Moja ya hoja zake ilikuwa kwamba mgeni atokaye ng'ambo hungoja miaka mitano kabla ya kuwa raia, basi vipi watu waliotoka utumwani jana wapewe uraia leo? Alisahau kuwa Waafrika wa kwanza walifikishwa Virginia mwaka 1619, na wajukuu wao walikuwa wameilima nchi ile kwa karibu miaka 250. Tarehe 9 Aprili 1866 Kongresi iliipitisha sheria hiyo kwa theluthi mbili za kura, dhidi ya matakwa ya Rais. Mwaka 1868 uraia wa kuzaliwa ulitiwa katika Katiba yenyewe, na hukumu ya Jaji Taney ikafa. Mwaka 1870 Katiba ilikataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi yake.

Itakuwa si kweli tukiishia hapo kana kwamba mambo yote yalikwisha vyema. Wenyeji wa asili wa Marekani waliachwa nje kwa wingi mpaka 1924, na wanawake hawakupata kura katika nchi nzima mpaka 1920. Mwaka 1877 serikali iliacha kuyatumia majeshi yake kuwalinda watu weusi wa kusini. Wakanyimwa kura kwa kodi, kwa mitihani ya hila, na kwa kuuawa na makundi bila hukumu. Douglass alifariki mwaka 1895 akiwa bado anapiga kelele juu ya dhuluma hiyo. Mwaka 1965 ndipo Rais mwingine aitwaye Johnson, Lyndon Johnson, alipotia sahihi sheria iliyoilinda kura ya mtu mweusi kwa nguvu za serikali kuu. Karibu miaka 100 ilipita baina ya ombi na sahihi hiyo.

Basi tujifunze nini? Kwanza, haki si hisani. Wajumbe wale walikwenda kwa Rais kwa heshima, lakini hawakupiga magoti; walidai kilicho chao, wakataja bei waliyokwisha kuilipa. Pili, kiongozi ni mlango mmoja wa nchi, si nchi yote. Mlango ule ulipofungwa, wajumbe hawakutukana wala hawakukata tamaa. Walitunga hoja zao vizuri zaidi wakazipeleka kwa wananchi na kwa Kongresi. Tatu, sheria njema ni mwanzo wa kazi, wala si mwisho wake. Isipolindwa na watu huwa maandishi tu juu ya karatasi.

Johnson aliingia Ikulu akiwa ameahidi kuwa Musa. Siku ile watu walisimama mbele yake wakimwomba awavushe, naye akawaambia warudi walikotoka. Hawakurudi. Walitafuta kivuko kingine.