Kabla Hujatia Sahihi: Pwani Yetu na Mkataba wa 1895

Mwaka jana jamaa mmoja mwenye mkahawa alinipigia simu. Alitaka video tatu za mkahawa wake, niziweke kwenye kurasa zangu. Nikamuuliza, malipo vipi? Akacheka. "Wewe fanya kazi bwana mdogo, ntakutoa." Nikafanya. Siku mbili napiga picha, usiku mzima nahariri mpaka simu inawaka moto. Nlipomaliza nikatolewa kweli: sahani ya biriani na soda. Pesa, mpaka leo naambiwa "tutaongea".

Juzi nikamsimulia binamu yangu anayesomea biashara. Tulikuwa tumekaa mbele ya Fort Jesus tunakula viazi karai. Alinicheka kwanza, kisha akatoa daftari lake la sheria ya mikataba akaanza kunisomea. Mimi namsikiliza huku naangalia ule ukuta wa ngome, na wazo likanijia: kilichonipata mimi kwa biriani, Pwani nzima ilikipata kwa pauni.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 24 Mei 1887, Sultani Barghash wa Unguja alikipa chama cha wafanyabiashara wa Kiingereza, kikiongozwa na William Mackinnon, haki ya kuendesha Pwani yetu kwa miaka 50. Mwaka 1888 chama kikapata hati ya kifalme kikawa kampuni, ile IBEA ya vitabu vya shule. Kampuni ikashindwa na hesabu. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikaingia yenyewe, na tarehe 14 Desemba Sultani Hamed bin Thuwaini akatiliana sahihi na Arthur Hardinge. Ukanda wa maili 10 kutoka baharini ukabaki wa Sultani kwa jina, lakini mtawala ni Mwingereza. Ndiyo maana bendera nyekundu ya Sultani ilipepea juu ya Fort Jesus mpaka 1963.

Najua, huo ni mkataba wa madola, si wa kuuza simu pale Marikiti. Mahakama haiupimi sawasawa. Lakini hebu tuupime na daftari la binamu yangu, tuone.

Kwanza, ijabu na kabuli. Mmoja anatoa pendekezo, mwengine anakubali lile lile, si jengine. Ukienda kwenye nikaha unaisikia: walii anaozesha, bwana harusi anajibu nimekubali. Akijibu "ntafikiria", hapo hakuna ndoa, kuna pilau tu. Mwaka 1895 kabuli ilikuwepo, na imeandikwa.

Pili, nipe nikupe. Kila upande lazima utoe kitu. Uingereza iliahidi kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka, na juu yake pauni 6,000 za riba. Jumla 17,000. Riba ya nini? Hapa ndipo nlipoacha kutafuna. Ujerumani ilikuwa imemlipa Sultani kama pauni 200,000 kwa ile pwani ya Tanganyika. Uingereza ilipotaka kuinunua kampuni ya Mackinnon itoke, bei ilikuwa pauni 250,000. Hazina ya London ilitoa 50,000. Zile 200,000 zilitoka kwenye pesa za Sultani mwenyewe! Riba yake, asilimia 3, ndiyo hizo 6,000. Yaani mwenye nyumba amesaidia kumlipa mpangaji wa kwanza ahame ili aingie wa pili.

Na sheria ya Kiingereza haiulizi kama bei ni ya haki. Inauliza tu kama bei ipo. Hata biriani ingetosha, kama mimi na yule jamaa tungekubaliana kuwa malipo ni biriani. Shida yangu ilikuwa lile neno "ntakutoa". Halina kiasi, halina tarehe. Mkataba usiojulikana mipaka yake mahakama haina pa kuushika.

Tatu, hiari. Hapa mambo yanakuwa magumu. Tangu 1890 Unguja ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza. Kwa hivo mezani wamekaa wawili, na mmoja ndiye mlinzi wa mwenzake. Utakataa vipi? Tazama kilichofuata: Hamed alifariki tarehe 25 Agosti 1896, Khalid bin Barghash akaingia kasri bila ruhusa ya Waingereza, na tarehe 27 manowari zao zikalipiga kasri mizinga. Vita havikufika hata saa moja. Sisemi Hamed alishikiwa bunduki siku ile ya Desemba. Nasema alijua manowari ni za nani.

Nne, wahusika. Mkataba unawabana waliokubaliana, si mtu wa pembeni. Sasa sisi wa Mvita, Gazi, Takaungu, nani alituuliza? Mwaka ule ule wa 1895 Mbaruk bin Rashid Mazrui alikuwa vitani na Waingereza huku bara ya Mombasa, na mwaka 1896 akakimbilia upande wa Wajerumani. Huyo hakutoa kabuli. Watu hawakuwa upande wowote wa meza. Walikuwa ndani ya bidhaa.

Na hili ndilo lililonikera zaidi. Mwaka 1897 serikali ile ile ilileta kwetu Sheria ya Mikataba ya India ya 1872. Ndani yake imeandikwa wazi: ridhaa iliyopatikana kwa kulazimisha, kwa kumtawala mwenzako, au kwa ulaghai, si ridhaa huru, na aliyeonewa anaweza kuuvunja mkataba. Walituletea kipimo miaka miwili baada ya kupima wao bila kipimo. Sheria hiyo ilitumika Kenya mpaka tarehe 1 Januari 1961, ilipoingia sheria yetu ya sasa inayofuata misingi ya Uingereza.

Mwaka 1963 meza ikapangwa tena, London. Tarehe 8 Oktoba Sultani akaachia ukanda uwe sehemu ya Kenya. Kwa barua, Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, walikubaliana Kadhi abaki, ibada iwe huru, hati za ardhi ziheshimiwe. Desemba 12 uhuru. Januari 12, 1964 mapinduzi Unguja, Sultani hayupo tena. Aliyeahidiwa ameondoka, sasa nani atadai? Mahakama ya Kadhi ipo mpaka leo kwa sababu iliingizwa kwenye katiba. Iko hata katika ile ya 2010, kifungu cha 170. Mambo ya ardhi, kila familia hapa Pwani ina hadithi yake.

Wapo wanaosema mkataba ulikuwa mbovu, basi tujitenge. Mimi sifiki huko. Mwaka 1963 hauwezi kufutwa na kelele za barazani. Lakini nimejifunza kuwa asiyekaa mezani hujikuta ameandikwa kwenye orodha ya vitu.

Kwa hivo wewe unayepiga picha, unayesuka, unayeuza nguo kwa simu, sikiza. Makubaliano ya mdomo ni mkataba Kenya, ila kuyathibitisha ni kazi. Ujumbe wa simu pia unahesabika, usiufute. Ardhi lazima maandishi, sahihi za wote na shahidi. Kumdhamini mtu deni pia ni maandishi. Ukidhulumiwa una miaka 6 ya kwenda kortini, na Mahakama ya Madai Madogo inapokea madai mpaka shilingi milioni 1.

Usiku ule nlimwandikia yule jamaa wa mkahawa: video tatu, bei hii, tarehe hii, unakubali au hukubali? Alama za buluu zimetokea. Bado hajajibu. Lakini kijana wake amenipigia jana, wanataka video ya nne. Nimemwambia aniandikie kwanza.