Kuunganisha Kinanda cha Umeme na Kompyuta kwa Ajili ya Kurekodi Nyimbo za Kwaya

Katika parokia zetu nyingi, kinanda cha umeme ndicho kinachoongoza uimbaji, na ndicho kinachotegemewa pia kwaya inapotaka kuhifadhi nyimbo zake. Walimu wa kwaya wenye kompyuta wanaweza kuifanya kazi hiyo nyumbani au katika ukumbi wa parokia. Hata hivyo, sauti iliyoharibika wakati wa kuingia katika kompyuta ni vigumu mno kuitengeneza baadaye, na mara nyingi kwaya hulazimika kurudia kazi yote. Kwa sababu hiyo, katika makala haya tunaeleza namna ya kuunganisha vyombo hivyo kwa usahihi tangu mwanzo.

Kiolesura cha sauti

Kati ya kinanda na kompyuta kunahitajika kiolesura cha sauti, ambacho mafundi wengi hukiita saundikadi. Kazi yake ni kugeuza mkondo wa umeme utokao kinandani kuwa tarakimu zinazoweza kuhifadhiwa na kompyuta. Tundu la kipaza sauti lililo ubavuni mwa kompyuta halifai kwa kazi hii, kwa kuwa limetengenezwa kupokea mkondo dhaifu, nao wa kinanda una nguvu zaidi.

Nyaya na matundu

Nyuma ya vinanda vingi yapo matundu mawili ya kutolea sauti, yaliyoandikwa L/MONO na R. Tuchukue nyaya mbili zenye jeki ya robo inchi, yaani milimita 6.35, na kuziingiza katika tundu la 1 na la 2 la kiolesura. Ikiwa kuna waya mmoja tu, uchomekwe katika L/MONO, ili sauti za pande zote mbili zitoke pamoja. Kitufe cha kiolesura kiwekwe kwenye LINE. Alama ya INST ni kwa ajili ya gitaa la umeme, nayo 48V ni umeme wa vipaza sauti vya kondensa, kinanda hakiuhitaji.

Vinanda vidogo huwa na tundu la hedifoni pekee. Hapo utumike waya unaogawanyika, wenye jeki moja ya stirio upande wa kinanda na jeki mbili za mono upande wa kiolesura. Waya wa kawaida wa stirio ukichomekwa moja kwa moja katika tundu moja la kiolesura, huenda tundu hilo likaitoa sauti ya kushoto kutoka katika ile ya kulia, na yote yaliyo sawa pande zote mbili yakatoweka.

Kiwango cha sauti

Sauti ya kinanda iwekwe kwenye robo tatu hivi. Kisha mpiga kinanda apige sehemu yenye nguvu kuliko zote katika wimbo, huku fundi akirekebisha kiolesura hadi kilele kifikie karibu na desibeli -12 katika programu ya kurekodi. Desibeli 0 ndiyo dari. Sauti inayoipita hukatwa na kukwaruza. Kwa kurekodi katika biti 24, hakuna hasara ya kuacha nafasi hiyo.

Mngurumo na kuchelewa kwa sauti

Mngurumo mzito usiokoma mara nyingi hutokana na kinanda na kompyuta kupata umeme kwenye soketi zilizo mbalimbali. Vyombo vyote viunganishwe katika soketi moja, au kompyuta ndogo itumie betri kwa muda. Usipokoma, kisanduku cha DI chenye transfoma huweza kuuondoa. Kamwe tusikate pini ya ethi ya plagi, kwani ndiyo kinga ya uhai wa mpiga kinanda.

Mpiga kinanda akisikia sauti ikichelewa, asikilize moja kwa moja kutoka katika kiolesura, au apunguze akiba ya sampuli katika programu. Kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, akiba ya sampuli 1,024 huchelewesha sauti kwa milisekunde 21 hivi. Ile ya 128 haifiki hata milisekunde 3.

Kurekodi midi pamoja na sauti

Mfumo wa midi, uliotambulishwa mwaka 1983, hausafirishi sauti. Husafirisha maagizo: noti ipi imepigwa, kwa nguvu gani na kwa muda gani. Waya wake hutoka OUT ya kinanda kwenda IN ya kiolesura. Vinanda vingi vya sasa hutumia USB. Tunashauri kurekodi vyote viwili kwa pamoja. Noti iliyokosewa huweza kusahihishwa bila kumwita tena mpiga kinanda, na wimbo ulio juu mno kwa sauti ya kwanza huweza kushushwa kabla waimbaji hawajarekodiwa.

Baada ya kazi, spika zizimwe kwanza, kisha vyombo vingine. Faili lihifadhiwe mahali pawili, likiwa na jina la wimbo, la mtunzi, la kwaya na tarehe. Mtunzi anapohama au kufariki dunia, ni kwa kumbukumbu hizo waimbaji wapya watajua wimbo ni wa nani na ulikusudiwa kuimbwa namna gani.