Asili Katika Methali za Bibi

Bibi yangu, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kugomba. Mtoto akikosa, alimtupia methali moja, kisha akaendelea kuchambua mchele wake. Tulipohamia hapa Maskati, baada ya mwaka 1970, sisi wajukuu tuliona haya kusema Kiswahili mbele ya wenzetu wa skuli. Bibi alitwambia neno moja tu: "Mwacha asili ni mtumwa."

Nililipokea kama wasia, nikakaa nalo miaka mingi bila ya kuuliza limetoka wapi.

Methali zetu nyingi za adabu humtaja muungwana. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Yaani mtu wa heshima, akifedheheshwa, hutafuta stara kwanza, hakimbilii ugomvi. Na tena: muungwana ni kitendo. Leo tukisema muungwana twakusudia mtu mwenye tabia njema. Zamani maana ilikuwa wazi zaidi: mtu huru, asiyemilikiwa na mtu. Kinyume chake ni mtumwa, na Unguja ya karne ya 19 mashamba ya karafuu yalisimama kwa mikono ya watumwa. Soko lao lilifungwa mwaka 1873, zama za Sayyid Barghash. Utumwa wenyewe ukaondolewa nguvu ya sheria mwaka 1897. Waliozisema methali hizi kabla ya hapo waliishi na watumwa nyumba moja, na kwa mizani hiyo wakapima tabia za watu.

Siku moja, bibi akiwa mkongwe, nilimwuliza habari za mama wa mama yake. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema kuwa alikuwa suria, aliyeletwa kutoka bara angali mtoto, na kwamba jina walilompa wazazi wake hakuna aliyelijua. Lililobaki ni lile alilopewa nyumbani kwa bwana.

Kwa sheria ya wakati ule, mtoto wa suria aliyekubaliwa na bwana alizaliwa huru na kuingia katika nasaba ya baba. Sayyid Majid na Sayyid Barghash, waliotawala Unguja mmoja baada ya mwingine, mama zao walikuwa masuria. Ndiyo maana shajara ya ukoo wetu imepanga mababa, mmoja baada ya mmoja, hadi Oman, na mama yule hayumo.

Basi asili tuliyokatazwa kuiacha ni ipi? Naona tuliiacha siku tulipomwacha yeye nje ya shajara. Neno "mtumwa" tulilotishwa nalo utotoni ndilo lililokuwa hali yake.

Methali ya bibi sijaitupa. Nawafundisha wanangu, na habari ya mama yule nawapa pamoja nayo. Wakiniuliza mbona bibi alinyamaza kabla ya kujibu, nawajibu kwa methali nyingine aliyoipenda: mwenye kovu usidhani kapoa.