Mafuriko ya Big Thompson (1976)

Mafuriko ya Big Thompson ni mafuriko ya ghafla yaliyolikumba korongo la mto wa jina hilo katika jimbo la Colorado, Marekani, usiku wa Jumamosi tarehe 31 Julai 1976. Watu 144 walikufa. Huhesabiwa kuwa miongoni mwa maafa mabaya kabisa ya asili katika historia ya jimbo hilo.

Eneo

Mto Big Thompson hutoka Milima ya Rocky, hupita mji wa Estes Park na bwawa lake, kisha huteremka katika korongo jembamba la takribani kilomita 40 kuelekea Loveland. Siku za kawaida maji yake hayamfiki mtu mzima kiunoni. Barabara ya US 34 inafuatana na mto, na ndiyo njia kuu ya kuingilia na kutokea. Kandoni mwake kuna makazi madogo, yakiwemo Drake na Glen Comfort. Wikendi ile ilikuwa ya sikukuu, kwani Colorado ilikuwa ikitimiza miaka 100 tangu kuwa jimbo. Moteli na kambi zilifurika watalii na wavuvi wa samaki aina ya trauti.

Dhoruba

Jioni hiyo upepo wenye unyevu mwingi ulivuma kutoka mashariki, ukagonga milima na kulazimika kupanda. Hapo mawingu ya radi yakajijenga haraka. Kwa kawaida pepo za anga za juu huyasukuma mawingu ya namna hiyo hadi nchi tambarare, na mvua ikaishia huko. Safari hii pepo za juu zilikuwa dhaifu mno. Dhoruba ikakaa palepale kwa saa kadhaa, nao upepo wa chini ukaendelea kuilisha unyevu mpya. Sehemu fulani zilipata milimita 300 kwa muda wa saa nne hivi, yaani karibu robo tatu ya mvua ya mwaka mzima. Karibu na Glen Comfort zilinyesha milimita 190 kwa saa moja.

Miteremko ya huko ni mawe na udongo haba, kwa hiyo maji hayakupata pa kunywea. Isitoshe, sehemu kubwa ya mvua ilinyesha chini ya bwawa la Estes Park. Bwawa halikubomoka, ila halikuwa na la kusaidia.

Usiku wa maji

Mdomoni mwa korongo mtiririko ulifikia mita za ujazo 883 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya rekodi ya awali. Walionusurika walisimulia mitungi mikubwa ya gesi iliyopita ikielea huku ikifoka gizani, na nyumba zilizong'oka nzimanzima. Bomba kubwa la kuvusha maji juu ya mto lilisombwa. Sajini Hugh Purdy wa polisi wa barabarani, aliyekuwa akipanda korongo kuonya watu, alitoa taarifa kwa redio kuwa amezingirwa na maji. Hakurudi.

Nyumba 418 na maeneo ya biashara 52 yaliharibiwa. Kulipokucha, helikopta zilianza kuwaopoa mamia ya watu waliokwama juu ya miamba.

Magari na miguu

Mtafiti Eve Gruntfest alichunguza walichofanya watu usiku ule. Waliopanda mlima kwa miguu, hata mita chache tu, kwa kiasi kikubwa walipona. Wengi waliokufa walikuwa wamejaribu kuyakimbia maji kwa gari, kwenye barabara iliyokuwa ikimezwa na mto. Kwa watu walioizoea njia hiyo kila siku, kuliacha gari na kukwea jabali kwenye mvua ya radi halikuwa wazo la kwanza.

Baadaye

Mabango yanayohimiza watu kupanda juu mafuriko yanapotokea yaliwekwa makorongoni. Baadhi ya viwanja vya kando ya mto viligeuzwa bustani za umma, ingawa ujenzi haukukoma. Septemba 2013 mvua ya siku kadhaa iliivunja tena US 34, safari hii kwa vifo vichache sana. Karibu na Drake upo mnara wa kumbukumbu wa wahanga wa 1976.