Choo cha Bwana Afya na neno tulilolionea haya

Boma letu lilikuwa na choo miaka mingi kabla hatujaanza kukitumia. Kilichimbwa nyuma ya migomba mwishoni mwa miaka ya 1960, kikaezekwa nyasi vizuri, mlango ukafungwa kwa kamba ya katani. Nyanya alikiita choo cha Bwana Afya. Bwana Afya alipopita na kitabu chake alikikuta kisafi, akaandika, akaenda zake. Kingekosaje kuwa kisafi na hapakuwa na aliyeingia? Sisi tulijua njia ya kichakani.

Nilikikumbuka choo hicho juzi nikisahihisha majibu ya wanafunzi kuhusu tafsida. Karibu wote walitoa mfano ule ule: usiseme fulani anakwenda kunya, sema anakwenda haja, anakwenda msalani au anajisaidia. Ni sawa, na alama niliwapa. Hata hivyo, hakuna aliyejiuliza adabu hiyo imetugharimu nini.

Tuanze na neno choo lenyewe. Wingi wake, vyoo, unatuonyesha kwamba ni nomino ya ngeli ya KI-VI iliyobanwa, sawa na chombo na vyombo. Wagikuyu husema kioro, na mwenye sikio la isimu atakumbuka kwamba mvua kwao ni mbura. Kiswahili kimeidondosha sauti hiyo ya kati katika maneno mengi, kwa hivyo undugu wa kioro na choo si wa kutiliwa shaka sana. Isitoshe, choo ni mahali na pia ni kile kinachoachwa mahali hapo. Ndiyo maana mama husema mtoto hajapata choo siku tatu, na daktari akakuagiza upeleke choo maabara.

Wala kitu chenyewe si kigeni kwetu. Katika magofu ya Gedi, ambayo James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka 1948, mna vyoo vya shimo ndani ya nyumba za mawe. Lamu vilevile, choo kilikuwa sehemu ya nyumba, kando yake birika la maji lenye visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Huko choo kilifungamana na maji, twahara na udhu, na ndiko lugha ilikopata maneno kama kutawadha na kuchamba.

Bara mambo yalikuwa mengine. Ardhi ilikuwa pana, kichaka kilikuwa karibu. Choo cha shimo kilifika mashambani kikiwa amri. Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya mwaka 1912 ilimpa chifu uwezo wa kuamrisha, na Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 1921 ikaongeza nguvu za mkaguzi. Safura ilikuwa ikiwamaliza watu damu, hilo ni kweli, na nia ya madaktari haikuwa mbaya. Lakini choo kiliingia akilini mwa watu pamoja na kodi na kipande: kitu cha serikali, cha kuonyeshwa serikali.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo vitabu vya wakaguzi havikuwa na safu ya kuliandika. Katika jamii nyingi za magharibi mwa Kenya, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatumii choo kimoja. Si uchafu wao tu usiochanganyika. Hata kumwona mwingine akielekea huko ni aibu. Mkaguzi alihesabu choo kimoja kwa kila boma, akaridhika. Alipokikuta hakitumiki alisema ni ujinga. Mama yangu hakuwa mjinga. Choo kilikuwa cha babu, naye alikuwa mkaza mwana, basi. Sisi watoto tulimfuata mama.

Mdogo wangu mmoja alihara siku nne, tukamzika. Watu walisema ni "tumbo". Neno hilo pia ni tafsida. Kipindupindu kilipoingia nchini mwaka 1971, tulihubiriwa usafi na haja kubwa kwa Kiswahili fasaha kabisa, nasi tukaitikia kwa adabu.

Mabadiliko yalikuja kwa mlango tusioutarajia. Kamal Kar, mtaalamu kutoka India, alikuwa Bangladesh mwaka 2000 alipoanza kuwataka wanakijiji wachore ramani ya kijiji chao chini, waonyeshe kila mtu anakoenda, kisha watembee hadi huko wajionee. Sharti lake moja ni la kiisimu: litumike neno kavu la wenyeji. Mbinu hiyo ilifika Kilifi mwaka 2007, na wawezeshaji wakasimama mbele ya wazee wakasema mavi. Unywele unachovywa kwenye mavi, kisha kwenye glasi ya maji, halafu mtu anakaribishwa anywe. Hanywi. Anaulizwa, je, nzi ana miguu mingapi?

Kutoka hapo vijiji vingi vilichimba vyoo bila kusukumwa na chifu. Mwaka 2011 serikali ilitangaza kampeni ya kumaliza haja za vichakani mashambani kufikia 2013. Lengo halikutimia, ila eneo la Nambale, Busia, lilitangulia wengine.

Mimi ninaunga mkono neno kavu, ingawa nina kinyongo kidogo. Kuchamba, wasomaji wa pwani wanajua, kuna maana ya pili ya kumtolea mtu maneno makali, na wawezeshaji wengine waliwachamba watu badala ya kuzungumza nao. Ajuza asiye na mtu wa kumchimbia shimo alichekwa mbele ya wajukuu. Yeye hakuwa na shida ya neno. Alihitaji jembe na mikono.

Kwetu shimo la pili lilichimbwa na baba, upande wa pili wa boma, baada ya mama kumwambia waziwazi anachotaka na kwa nini. Siku hiyo hiyo tulianza kulitumia. Lile la kwanza babu naye alilizoea pole pole, na kamba ya katani ikafunguliwa. Bwana Afya aliporudi hakuwa na la kuandika, kwani katika kitabu chake boma letu lilikuwa na choo siku zote.