Bumetanidi na udhaifu wa misuli

Bumetanidi ni dawa ya kuongeza mkojo iliyoanza kutumika miaka ya 1970. Ni ya kundi moja na furosemidi lakini kali zaidi: miligramu 1 hufanya kazi ya takriban miligramu 40 za furosemidi. Hutolewa hasa kupunguza maji mwilini kwa wagonjwa wa moyo, ini na figo, na mara nyingine kushusha presha.

Watafiti wa misuli waliigeukia kwa ajili ya ugonjwa adimu wa kurithi: kupooza kwa vipindi kunakoambatana na kushuka kwa potasiamu katika damu. Hukadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 100,000. Mgonjwa hulala mzima, akaamka hawezi kuinua mguu wala mkono, ilhali fahamu anazo zote. Kipindi huchochewa na mlo mzito wa wanga, au mapumziko baada ya kazi ya sulubu, potasiamu inapoihama damu na kuingia katika seli. Nguvu hurudi baada ya saa au siku, lakini kwa wengi udhaifu wa kudumu hujijenga kadiri umri unavyosonga. Ni mateso ambayo mtazamaji huweza kuyadhania uvivu.

Chanzo ni hitilafu katika jeni CACNA1S au, kwa wachache zaidi, SCN4A. Utando wa seli ya msuli huvuja chaji kidogo. Potasiamu ya damu ikishuka, seli hushindwa kuitikia neva. Bumetanidi huzuia protini ya NKCC1, inayoingiza sodiamu, potasiamu na kloraidi katika seli. Kloraidi ikipungua ndani, seli huweza kulinda chaji yake. Stephen Cannon na wenzake huko Dallas, Marekani, walilithibitisha hilo kwa panya wenye hitilafu hizo: katika matokeo ya mwaka 2013, dawa ilizuia misuli isipoteze nguvu, tena kwa ufanisi zaidi kuliko asetazolamidi, dawa iliyozoeleka kwa ugonjwa huu.

Kwa binadamu kuna kikwazo kikubwa. Kwenye figo, bumetanidi hutoa potasiamu kwa mkojo, na mgonjwa huyu ndiye asiyestahili kuipoteza. Jaribio dogo la London, lililotumia miligramu 2 baada ya msuli wa mkono kuanza kudhoofika, halikuonyesha nafuu ya wazi. Tiba imebaki potasiamu ya kunywa, asetazolamidi na diklofenamidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015.

Hata asiye na ugonjwa huu, akilegea misuli huku anatumia dawa ya kuongeza mkojo, apimwe potasiamu mapema.