Uvimbe wa ini ukishaunguzwa: utajuaje kama saratani imekufa yote?

Mgonjwa wako amefanyiwa tiba ya kuunguza uvimbe kwenye ini, inayoitwa ablesheni. Daktari hupitisha sindano ndefu kwenye ngozi mpaka ndani ya uvimbe, akiongozwa na picha ya ultrasaundi au CT. Joto la ncha ya sindano huua seli za saratani. Tiba hii hufaa zaidi kwa uvimbe mdogo, hasa usiozidi sentimita 3.

Amerudi nyumbani, anakula, maumivu yamekwisha. Je, amepona? Hali yake haiwezi kukujibu. Mabaki madogo ya saratani hayaumi. Jibu hutolewa na picha.

Kipimo cha kwanza hufanyika lini?

Kwa kawaida ni baada ya mwezi mmoja hivi. Mgonjwa hupigwa picha ya CT au MRI huku akichomwa dawa ya kung'arisha picha kwenye mshipa. Baada ya hapo, katika mwaka wa kwanza, madaktari wengi hurudia kila baada ya miezi 3 au 4. Fuata tarehe alizoandikiwa mgonjwa wako.

Daktari anatafuta nini?

Dawa ile husafiri na damu. Sehemu iliyokufa haipati damu, hivyo haing'ai. Uvimbe wa saratani ulio hai mara nyingi hung'aa mapema. Kipande kinachong'aa kwenye ukingo wa kidonda kinaweza kuwa saratani iliyobaki. Utepe mwembamba unaong'aa sawasawa kuzunguka kidonda chote mara nyingi ni dalili tu ya kuungua, na hufifia baadaye.

Kidonda kinapaswa kuwa kikubwa kuliko uvimbe wa awali, kwa sababu daktari huunguza pia milimita 5 hadi 10 za ini kuuzunguka. Basi usishtuke ukisikia "kimeongezeka" kwenye picha ya kwanza. Hakitoweki mara moja. Husinyaa polepole kwa miezi.

Je, kipimo cha damu kinatosha?

Hakitoshi. Kipimo cha AFP husaidia kama kilikuwa juu kabla ya tiba: kikishuka ni dalili nzuri, kikianza kupanda tena ni onyo. Lakini wapo wagonjwa wa saratani ya ini ambao AFP yao haikupanda kamwe.

Beba nini siku ya kipimo?

- CD au filamu za kabla ya tiba, pamoja na majibu yake. Bila picha ya zamani, daktari hana cha kulinganisha nacho.
- Barua ya rufaa, kadi ya bima na orodha ya dawa anazotumia.
- Taarifa za ugonjwa wa figo, kisukari, mzio wa dawa, au ujauzito. Zitaje kabla hajachomwa dawa.

Kutoka Songea hadi Hospitali ya Taifa Muhimbili, ambako mafunzo ya tiba radiolojia yalianza mwaka 2018, ni zaidi ya kilomita 900. Nauli na malazi ni mzigo, na ndiyo maana wengi huahirisha. Kabla ya kuahirisha, uliza Hospitali ya Rufaa ya Mkoa kama kipimo kinaweza kufanyika karibu na picha zikatumwa kwa daktari aliyemtibu.

Kama saratani imebaki?

Usikate tamaa. Mara nyingi sehemu iliyobaki huweza kuunguzwa tena, au daktari huchagua tiba nyingine. Ikigunduliwa ingali ndogo, nafasi ni kubwa zaidi. Hata picha ikiwa safi, ini lenye hepatitisi B au makovu linaweza kuota uvimbe mpya mahali pengine, kwa hiyo vipimo vinaendelea.

Mwahishe hospitali, usingoje tarehe, ukiona:

- homa kali yenye kutetemeka, au homa isiyokoma
- maumivu ya tumbo yanayoongezeka
- macho kuwa ya njano
- tumbo kujaa, kutapika damu, au choo cheusi kama lami
- kuchanganyikiwa au usingizi usio wa kawaida

Homa ndogo na uchovu kwa siku chache za mwanzo ni kawaida.

Mama, andika tarehe ya kipimo kijacho kwenye jalada la daftari lake la kliniki, na CD uihifadhi humo humo.